Waumini wangu wamechoka kuambiwa "enendeni". Niwatie moyo vipi?

SWALI: Shikamoo mchungaji. Tangu mwaka jana nimehamishiwa usharika mmoja wa milimani huku Kilimanjaro. Waumini wengi ni wazee. Vijana wako Dar, Arusha na Moshi mjini, tunawaona Desemba. Jimbo limetukabidhi mtaa wa misioni kule chini nyikani, kwa Wamaasai: mwinjilisti mmoja na kanisa la mabanzi. Nimehubiri Agizo Kuu, lile la Yesu la "enendeni" katika Mathayo 28, mpaka nimeishiwa maneno. Sadaka ya misioni haipandi, na safari iliyopita tulikwenda mimi na mweka hazina peke yetu. Mzee mmoja wa kanisa akaniambia kwa upole, "Mchungaji, sisi tumechoka." Mwezi ujao tuna Jumapili ya misioni. Niwatie moyo vipi bila kuwakemea na bila kuwadanganya? Na hawa wa Desemba, niwaombe fedha?

JIBU: Marahaba, mchungaji. Huyo mzee mshukuru, maana wengi wangenyamaza na kukuacha uendelee kuhubiria viti. Kabla hujaandika hata mstari mmoja wa hubiri lako, nenda nyumbani kwake, kaa, kunywa chai, umuulize: mmechoka na nini? Usijibu wala usimtetee mtu. Sikiliza.

Naweza kubahatisha utakachosikia. Utaambiwa habari za michango. Kwa mwaka mmoja muumini wa milimani anatoa ahadi yake, anatoa mavuno, anachangia jengo, nyumba ya mchungaji, vyombo vya kwaya, mfuko wa dayosisi, na msiba wa kila jirani. Halafu misioni inakuja mwisho wa foleni, ikitangazwa na katibu baada ya matangazo mengine kumi na moja. Mtazame bibi yule anayeleta trei ya mayai kila Jumapili. Ibada ikiisha mayai yanapigwa mnada pale nje, mtu anayanunua na kuyarudisha mnadani, yananunuliwa tena, na mwisho bibi mwenyewe anatoa elfu mbili ya kumalizia bei. Huyo si bahili. Ukisimama madhabahuni ukasema usharika umesahau agizo la Bwana, anachosikia yeye ni kwamba mchungaji hajayaona mayai yake.

Na uchovu mwingine hautibiwi kwa hubiri. Eliya alipolala chini ya mretemu akiomba afe (1 Wafalme 19), malaika hakuanza na wito mpya. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Safari ya Horebu ilifuata baadaye, na kutumwa upya kukaja baada ya hapo. Kama usharika wako una harambee tatu mwaka huu, ongea na baraza la wazee muahirishe moja. Hilo litawatia moyo kuliko ufasaha wako wote.

Sasa tuje kwenye hubiri lenyewe. Ningekuwa wewe, Mathayo 28 ningeiweka kando kwanza, nikafungua 1 Wathesalonike. Kumbuka mazingira yake. Paulo alikaa Thesalonike muda mfupi. Matendo 17 inataja sabato tatu za mahojiano katika sinagogi, kisha fujo, kisha ndugu wakamtorosha usiku. Aliacha nyuma kanisa changa, lenye maadui, lisilo na mchungaji wa kudumu. Hakutulia, akamtuma Timotheo akawaimarishe na kuwatia moyo, na Timotheo aliporudi na habari, ndipo barua ikaandikwa. Maana yake Paulo aliandika akiwa na taarifa mkononi.

Tazama anavyoanza. Anamshukuru Mungu kwa mambo matatu anayoyataja wazi: kazi yao ya imani, taabu yao ya upendo, saburi yao ya tumaini. Halafu mstari wa 8 anawaambia jambo ambalo huenda wao wenyewe hawakulijua, kwamba neno la Bwana limevuma kutoka kwao, si Makedonia na Akaya tu, imani yao imesikika kila mahali. Pekua barua nzima utafute amri inayowaambia waende kuhubiri kama ile ya Mathayo 28. Huioni. Watu wanaoambiwa kwamba tayari sauti yao imefika mbali hupata nguvu ya kuendelea kusema.

Wengine watasema huko ni kuwapaka watu mafuta. Hapana. Sura ya 4 Paulo anawakanya waziwazi kuhusu uasherati, na kuhusu watu wasiotaka kufanya kazi kwa mikono yao. Na kwenye 5:14 anatenganisha wagonjwa na dawa zao: wasiokaa kwa utaratibu waonywe, waliolegea moyo watiwe moyo, wanyonge washikwe mkono, wote wavumiliwe. Nadhani hapo ndipo wengi wetu tunapokosea madhabahuni. Tunachukua dawa ya wakaidi tunawanywesha wanyonge, halafu tunashangaa Jumapili inayofuata hawaonekani.

Kwa hiyo kazi yako ya wiki hizi ni kukusanya taarifa. Waite viongozi wa jumuiya zote, uwaulize swali moja: Mungu anafanya nini kwenu huku? Wiki ya kwanza watakujibu kikanisa: "Tunamshukuru Mungu, jumuiya inaendelea vizuri." Usiridhike. Uliza nani alilala hospitali akimuuguza mtu asiye ndugu yake. Nani ameacha pombe ya mbege na imekuwaje nyumbani. Nani amepokea mtoto asiye wake. Nani anakutana na watu wa nyikani sokoni na anafahamiana nao kwa majina. Hilo la mwisho liandike kwa wino mwekundu. Watu wenu wanauza ndizi na kununua mbuzi kwa Wamaasai hao hao mnaotaka kuwafikia, na huenda uhusiano upo tayari, ila hakuna aliyewahi kuuita kazi ya Mungu.

Ukishapata habari, omba ruhusa kwa wenyewe kabla ya kuzisema. Asiyetaka kutajwa asitajwe. Na usiongeze chumvi. Kijijini watu wanajuana, ukizidisha kidogo tu umeharibu yote.

Hivi ndivyo ningeanza mimi, nawe utabadilisha kwa habari zenu za kweli:

"Wapendwa, wiki zilizopita niliwauliza viongozi wa jumuiya Mungu anafanya nini kati yetu. Nimeambiwa yupo mama hapa aliyempikia uji jirani yake hospitali, na jirani huyo si wa dhehebu letu wala wa dini yetu. Wapo ndugu wawili waliogombania mpaka wa kihamba miaka mingi, na mmoja akamfuata mwenzake kabla msiba haujawakutanisha. Yupo bibi ambaye macho yamechoka, kila jioni mjukuu anasoma Zaburi na yeye anamsahihisha bila kitabu. Mimi mchungaji wenu sikuyajua haya. Bwana alikuwa akiyafanya bila kunisubiri. Naomba sasa mnisikilize niwasimulie nyumba moja ya kule chini, na mtaona kwamba Bwana anayefanya kazi huku ndiye anayefanya kazi kule."

Kisha simulia nyumba hiyo moja. Moja tu. Mwambie mwinjilisti wako akupe: jina la mzee wa boma, kama karidhia, walivyokutana, swali alilouliza kuhusu Yesu, wanachohangaika nacho kiangazi hiki. Usiseme "Wamaasai wako gizani". Kwanza si adabu. Pili, mtu hasafiri kwenda kuonana na giza; anasafiri kwenda kuonana na mtu.

Baada ya hapo unaweza kurudi Mathayo 28, lakini isome yote. Mahubiri mengi ya misioni yanaanzia mstari wa 18 au 19, yanaruka wa 16 na wa 17. Mstari wa 16 unasema walikuwa wanafunzi kumi na mmoja. Walipungua. Kiti kimoja, cha Yuda, kilikuwa wazi, na kila mtu alijua kwa nini. Mstari wa 17 unasema walimsujudia, lakini baadhi waliona shaka. Bwana hakusubiri idadi itimie wala mashaka yaishe; aliwatuma hivyo hivyo, na akamalizia kwa kusema atakuwa pamoja nao siku zote. Usharika wenye mabenchi yaliyo wazi, ambao vijana wake wameondoka, utajiona ndani ya mistari hiyo miwili kabla hujafika kwenye amri.

Kuna hazina nyingine uliyokalia bila kujua, nayo ni historia ya mlima huo. Wamisionari wa Leipzig, shirika la Kilutheri la Ujerumani, walianza kazi Machame mwaka 1893. Miaka mitatu baadaye wawili wao, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, Meru, pamoja na Wachagga waliofuatana nao. Majina ya hao Wazungu wawili utayakuta kwenye vitabu. Ya wenzao Wachagga uulize watu wangapi wanayajua. Kisha mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakawaondoa wamisionari Wajerumani. Kanisa la mlimani lingeweza kufa. Walimu wa Kichagga ndio waliofundisha katekisimu, wakaongoza ibada, wakazika wafu, kwa miaka kadhaa, na wachungaji wazawa wa kwanza waliwekewa mikono muda mrefu baadaye, katika miaka ya 1930. Walimu wale hawakuwa na mshahara wa maana. Baiskeli yenyewe ilikuwa mali ya wachache.

Waulize wazee wako: neno lilifikaje kitongoji hiki? Nina hakika wengi watakutajia mwalimu fulani wa shule ya kanisa, babu wa fulani, aliyekuwa akishuka na kupanda makorongo kwa miguu. Mruhusu mzee mmoja asimulie hilo ibadani kwa dakika tano. Wewe kaa chini. Ukimpa kipaza sauti mzee huyo aliyekuambia wamechoka, na akakubali, utakuwa umefanya jambo kubwa.

Ndivyo ilivyokuwa Antiokia pia. Matendo 11 inasema waliowahubiria Wayunani pale walikuwa watu wa Kipro na Kirene waliotawanywa na mateso. Hata majina yao Luka hakuyaandika. Yerusalemu waliposikia wakamtuma Barnaba, naye alipofika "akaiona neema ya Mungu" akafurahi, ndipo akawasihi waambatane na Bwana. Fuata mpangilio huo: aliona, akafurahi, kisha akasihi. Sisi tunaanza na kusihi, na kuona tunakuacha kwa kamati. Kanisa hilo hilo lililoanzishwa na wasiojulikana ndilo, kwenye sura ya 13, likamtuma Paulo.

Ukitaka mfano wa karibu zaidi kuliko Antiokia, watajie Apolo Kivebulaya. Alikuwa Mganda, mtu wa kanisa la Anglikana, akaingia Mboga, ambayo sasa iko Kongo, mwaka 1896. Chifu Tabaro alimpinga vikali, akapigwa, akafungwa. Baadaye Tabaro mwenyewe akabatizwa. Apolo aliendelea hadi kwa watu wa msitu wa Ituri. Alipofariki mwaka 1933 alikuwa ameagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, tofauti na desturi ya kuwaelekeza wafu mashariki, kwa sababu kazi ya upande ule ilikuwa haijaisha. Hakuwa na shirika tajiri la Ulaya nyuma yake pale Mboga. Nawapenda wamisionari wetu wa kale wa ng'ambo, lakini waumini wako wanahitaji kumwona mtu anayefanana nao.

Umeuliza kuhusu kutowadanganya. Hapa sina mzaha. Usiwaambie kwamba atakayetoa kwa misioni biashara yake itafunguka au mtoto wake atapata kazi. Najua utaletewa 2 Wakorintho 9, habari ya apandaye kwa ukarimu. Isome hadi mstari wa 8: wingi unaoahidiwa pale ni wa kuwa na riziki za kutosha na kuzidi katika kila tendo jema. Na Wamakedonia wa sura ya 8 walitoa wakiwa katika umaskini mwingi. Paulo hasemi popote kwamba walitajirika. Bibi wa mayai akiahidiwa muujiza usiotokea, utakuwa umempokonya mayai na imani pamoja.

Usiwadanganye pia kwa takwimu. Mwinjilisti akileta taarifa kwamba ibada ya mwezi huu walikuja watu saba kwa sababu mifugo imehamishwa kufuata maji, isome hivyo hivyo. Mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alifika Mombasa mwaka 1846, akaishi Rabai, karibu na Mombasa, na maeneo ya jirani karibu miaka 29, akaondoka mwaka 1875 akiwa amepofuka, na kwa sehemu kubwa ya muda huo waumini wake walihesabika kwa vidole. Leo Rabai hakuna anayeuliza kama alipoteza muda.

Sasa mambo ya ofisini, maana hubiri peke yake halitoshi. Jambo la kwanza, kabla ya yote: mwinjilisti wako analipwa? Hujaniandikia, na kutokuandika kwako kunanitia wasiwasi. Kama posho yake imelala miezi mitatu, hiyo ndiyo ajenda yako ya kwanza kwenye baraza, hata kabla ya Jumapili ya misioni. Watu wanajua. Mke wake ana ndugu huko huko kwenu. Hakuna anayetoa kwa moyo kwenye mfuko ambao mfanyakazi wake anakopa unga dukani.

Pili, safari ijayo usiende na mweka hazina. Nenda na watu wa kawaida watano au sita: mama mmoja au wawili wa umoja wa wanawake, mzee mmoja mwenye afya, kijana mmoja aliyebaki kijijini, na mtu wa kwaya anayejua kuanzisha wimbo. Msibebe nguo kuukuu. Bebeni ndizi, laleni huko usiku mmoja, mle watakachowapa. Jumapili mnayoondoka waiteni mbele, wazee wawawekee mikono, kama Antiokia walivyofanya. Mkirudi, someni Matendo 14:27: Paulo na Barnaba walikusanya kanisa wakaeleza mambo yote Mungu aliyofanya pamoja nao. Wape wasafiri muda wa hubiri, Jumapili hiyo wewe usihubiri. Na waseme yote, pamoja na pikipiki iliyoharibika na mbu.

Wasioweza kusafiri wana kazi kubwa kuliko unavyodhani. Kila jumuiya ipewe boma moja la kuombea kwa majina. Majina yaandikwe mkononi, kwenye karatasi, yakae ndani ya Biblia ya kiongozi. Wazee wasioweza kutembea hadi kanisani wataombea majina hayo alfajiri wakiwa wamelala, na watakuuliza habari zao kila ukienda kuwapa Chakula cha Bwana. Wakianza kukuuliza kabla hujawaambia, ujue kazi imeshika.

Tatu, waalike waje. Mwinjilisti na waumini wachache wa nyikani wapande mlimani Jumapili moja, waimbe kwa namna yao ya kuruka, mzee wao aombee usharika wenu. Paulo aliwaandikia Warumi kwamba anatamani kufarijiana nao, imani yake kwao na yao kwake. Usharika uliozoea kutoa tu, bila kupokea kitu kutoka misioni, lazima uchoke. Na nakuhakikishia, mama wa Kimaasai akisimama kuombea wazee ambao watoto wao wako mbali, benchi la mbele litalia.

Usitarajie yote kwa mwaka mmoja. Wakijitokeza wanne tu kwa safari ya kwanza, nenda na wanne, na usitangaze kwa masikitiko kwamba "ni wanne tu".

Kuhusu watu wa Desemba. Waombe, ndiyo, lakini fedha isiwe ombi la kwanza. Wanapofika wanakutana na bahasha kwenye kila mlango: harusi, kipaimara, jengo, makaburi. Wewe panga safari ya nyikani tarehe 27 au 28, watu wakiwa bado hawajarudi mjini, na watangazie wazazi mapema, Novemba, wawaambie watoto wao kwa simu. Wengi wana magari. Waombe wawapeleke wazazi wao kuona yale maboma wanayoyaombea. Kijana wa Dar aliyekaa chini ya mgunga na mama yake, akamsikia akimtaja mtoto wa watu kwa jina kwa sababu amemwombea miezi mitatu, huyo ndiye umtafute kabla hajapanda basi au hajawasha gari. Hapo ndipo umweleze posho ya mwinjilisti ni kiasi gani kwa mwezi, inapungua kiasi gani, na umpe namba ya akaunti ya usharika, si ya kwako.